Mama wa Labo na Kichupa cha Huzuni

Kabla ya kuitikia salamu yako, alikuwa anatazama kucha zako. Halafu anavuta chini ngozi ya jicho lako kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua samaki sokoni, na kusema: "Damu yako iko muzuri. Sasa sema jambo." Watu wa avenue yetu, pale Makomeno, Lubumbashi, walizoea. Hata padri alivutwa jicho mlangoni mwa kanisa, mbele ya wakristo wote, akaambiwa apunguze mikate na akule sombe, majani ya mihogo.

Tulimwita Mama wa Labo. Jina lingine analo, lakini katika miaka kumi na minne ya kuwa jirani wake, lupango kwa lupango, yaani ua kwa ua, sikusikia mtu akilitumia. Alifanya kazi maisha yake yote katika labo ya hospitali, akipima damu na mkojo wa mji huu. Alipopumzishwa, alinunua mikroskopi moja ya zamani, akaiweka katika chumba cha mbele cha nyumba yake, akatundika pazia la kijani na kuendelea.

Mimi nami inafaa mnijue kidogo, maana bila mimi habari yake haisimami. Shule niliiacha mwaka wa nne wa msingi. Niliingia Lubumbashi nikitoka Kasai na viatu viwili visivyofanana. Leo nina kamyo nne za kubeba mzigo na depo ya kununulia mawe ya shaba njia ya Kinsevere, na watu wenye diploma wananisalimu wa kwanza. Hakuna aliyenidanganya katika kazi hii mara mbili, kwa sababu nina sheria moja: jiwe halinunuliwi kwa rangi. Jiwe linaweza kuwa kijani kama jani na ndani hamna kitu. Unalisaga, unalitia kwenye mashine, mashine inasema teneur, yaani shaba iliyomo ni kiasi gani, ndipo mdomo wako unafunguka. Kiswahili ninachoandika hapa ni kile cha catéchisme, kiliniingia kwa fimbo. Lakini watu nitawaacha waseme kama tunavyosema.

Mama wa Labo aliipenda sheria yangu ya mashine. Nadhani ndiyo kitu pekee alichokipenda kwangu. Mengine aliyacheka.

"Patron ya majiwe," alinambia, yaani bosi wa mawe, siku nilipoanza kujenga nyumba mpya kule Karavia, "ninyi bantu ya Kasai, nyumba haiyapata hata mulango, avenue yote inakwisha kujua rangi ya mulango."

"Na ninyi batoto ya reli," nikamjibu, "mpaka leo munangoja siflet ilie njo mukule."

Alicheka mpaka miwani ikamwangukia mapajani. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na kweli walikula kwa siflet, filimbi ya kazini.

Kila asubuhi alikuja kwetu na kipande cha bati kuomba moto. Katika lupango za Makomeno, mwanamke anayetangulia kuwasha mbabula, jiko la makaa, anawagawia wengine makaa mekundu. Hukatai kutoa, na anayepewa hasemi aksanti. Ukisema aksanti kwa moto, watajua wewe ni mgeni. Mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza siku zote. Mimi ninafungua macho, mbabula yake imekwisha kushika, na Mama wa Labo amechutama kando yake, wanasema habari ambazo nikitokea zinakatika.

Jambo hilo lilinikera. Mama yule alikuwa na kiberiti, alikuwa na makaa gunia zima. Mwaka mpya mmoja nikamnunulia jiko la gesi, jipya, na chupa yake. Alilitandikia kitambaa cha maua, akasimamisha juu yake sanamu ya Bikira Maria. Kesho yake, yuko kwetu na bati lake.

Nikamwambia mke wangu: "Ule mama iko na muchezo."

Mke wangu akasema: "Papa Nadine, weye unajua bintu. Bantu, haubajue."

Nadine ni binti yetu, ameolewa, yuko mbali. Wakati ule mke wangu alikuwa ananigombeza namna hiyo kila siku, na vizuri sana.

Mama wa Labo aliamini kile tu alichokiona chini ya kioo, lakini shingoni mwa mikroskopi yake ilining'inia rozari. Alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuinama kutafuta malaria. Nikamuuliza mambo hayo mawili yanakaaje pamoja. "Mashine inaniambia kintu gani iko," alisema. "Bikira ananisaidia nisiongope." Aliwatukana wachungaji wanaouza mafuta ya kuponya typhoïde, na kwa sauti ileile aliwatukana waganga wa diploma wanaoandika dawa ya malaria bila ekzamen ya damu. "Bote beko banatibu kivuli," alisema.

Watu walimletea mambo ya ajabu. Mama mmoja alileta katika chupa ya limonadi maji aliyoogea mkwe wake, akitaka kujua kama kijana ana mwanamke mwingine. Mama wa Labo aliinua chupa kwenye dirisha, akaiangalia kwa heshima zote, akairudisha. "Mama, labo haiko tribunal, haihukumu bantu. Hapa tunaonaka tu ile inaonekana." Halafu akamvuta jicho, akamkuta hana damu, akampima bure.

Nilimaliza nyumba ya Karavia. Ya ghorofa, ukuta wa metre tatu, geti jeusi, kuku yuko ndani ya friji badala ya kutembea uani. Mke wangu alilia siku ya kuhama, na mimi niliwaambia watu ni furaha.

Mwaka wa kwanza haukuisha. Nilianza kumkuta mchana amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika soksi moja, ya pili iko chini, na hainami kuiokota. Aliacha kula bukari, ugali wetu. Halafu akaacha kunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Niliingia na viatu vya matope juu ya sakafu ya marmo, makusudi, nikapita mbele yake mara mbili. Aliangalia viatu kama vinavyoangaliwa na mtu aliye upande wa pili wa barabara.

Nikawa ninapiga simu nyumbani kila saa. Asipoichukua, ninaacha mawe kwenye mizani na kuendesha gari mpaka Karavia. Siku moja niliikata kamba ya kuanikia nguo nikaificha chini ya kiti cha kamyo. Mlinzi aliuliza kwa nini. Nilimwambia imeoza.

Docta wa mjini alikuwa mtu mpole. Alichukua karatasi, akachora vitu viwili kama mizizi ya mihogo inayotaka kugusana, na katikati akatia nukta. "Hii ni kemikali ya bongo," alisema. "Kwa maman, imepunguka. Dawa itairudisha." Vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi.

Nilifurahi, siwafichi. Kitu kilichopunguka kinanunuliwa. Nilikunja karatasi nikaitia mfuko wa shati. Baada ya miezi mitano, mke wangu analala vizuri zaidi na soksi zinavaliwa zote mbili, nikaipeleka Makomeno kumwonyesha Mama wa Labo nimepata docta wa namna gani.

Aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu.

"Alimupima na nini?"

"Alichora."

"Minaona alichora. Hata miye naweza kuchora tembo mu tumbo yako. Alitosha damu mu mukono?"

"Hapana."

"Maji ya mugongo?"

"Alimuuliza maulizo tu, Mama."

Aliweka karatasi juu ya meza, akailaza kwa viganja viwili. "Miaka makumi tatu na kitu bananiletea bichupa. Sukari, nilipima. Chuma ya damu, nilipima. Hakuna hata siku moja muntu aliniletea kichupa na kusema, Mama, angalia huzuni iko ngapi. Sisemi huzuni haiko, nilizika bwana na batoto babili. Minauliza tu hii: bile binukta, nani alibihesabu?"

Swali lilikuwa langu mwenyewe, lile ninalowauliza wachimbaji kila siku, na sikuwa nimeliuliza.

"Na kule ku Karavia," akasema, "nani anamuombaka moto?"

"Kule tuko na gaz, Mama."

"Sikuuliza gaz."

Nilichukua karatasi yangu nikatoka bila kuaga. Nimekuwa na muda wa kufikiri kwa nini nilikasirika vile. Nilizipenda zile nukta kwa sababu katikati yao mimi simo. Kama bongo limepungukiwa, basi ukuta wangu hauna kosa, geti langu halina kosa, na safari zangu za wiki mbili mbili hazina kosa. Ni kemikali. Mama yule alikuwa amenirudisha ndani ya mchoro.

Lakini swali lake liliendelea kunitafuna, na mimi nililitafuna kwa meno ya mnunuzi wa mawe. Wiki ileile, kwenye depo, nilikamata gunia la mawe yaliyopakwa rangi ya kijani. Nilimfukuza mwenye mawe mbele ya watu. Nikarudi nyumbani ninanguruma: mimi, ambaye hata mchimbaji mwenye meno ya dhahabu hajanidanganya, ninamlisha mke wangu kitu ambacho hakuna aliyekipima. Nilivimwaga vidonge vyote chooni, nikavuta maji. Nilisimama pale ninasikiliza maji yanavyokwenda, na nilijisikia mwanaume.

Siku ya tatu mke wangu alianza kutembea akishika ukuta. Alisema akigeuza macho, umeme unapita kichwani. Alitapika chai. Jasho lilimtoka akiwa amekaa, halafu baridi, halafu akapiga kelele kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, yeye ambaye sauti yake ilikuwa imepotea mwaka mzima. Siku ya tano, saa nne asubuhi, nilimkuta getini, ameshika chuma kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama anatoka au anaingia. "Sijue," alisema. "Usinisukume."

Kwa docta niliona haya. Nilimpeleka Makomeno.

Mama wa Labo hakutazama kucha. Alimkalisha mke wangu kwenye kiti cha wagonjwa, akanigeukia.

"Ulifanya nini?"

"Nilitupa ile dawa. Ulisema weye mwenyewe, hakuna mwenye kupima."

Alipiga meza, na vioo vyake vyote vikalia. "Nilisema hakuna mwenye kupima. Nilisema utupe? Patron ya majiwe, muntu iko mu shimo, chini, na nguzo ya muti inashika udongo juu ya kichwa yake. Weye unafika, unasema, hii nguzo siipende, sijue ilitoka mu pori gani. Unaitosha, unaiondoa?"

"Hapana, Mama."

"Ju ya nini?"

"Udongo utaanguka."

"Voilà. Mwili yake ilizoea kusimama na ile kintu. Nguzo inatoshwa na muntu mwenye kujua shimo, kidogo kidogo, na kama mwenye kuwa mu shimo iko tayari. Weye uliruka ngazi na muke ya bantu ku mugongo."

Kisha akavaa kitenge chake cha misa, akaketi mbele katika gari langu, mahali pangu pa wageni wakubwa, na tukaenda wote watatu kwa docta. Njiani aliweka mkono nyuma, kati ya viti, na mke wangu akaushika mpaka tulipofika.

Kwa docta nilitegemea vita. Mama wa Labo alimuuliza tu: "Docta, bile binukta, biko wapi?" Na docta, Mungu ambariki, alivua miwani yake akasugua macho.

"Maman, kuna ekzamen ya ile kintu? Haiko. Ni namna ya kueleza, bantu basisikie haya. Dawa inasaidia bamoya, bengine haisaidie, na ju ya nini, hatujue muzuri. Lakini kuikata siku moja, ile tunajua. Ni mubaya."

"Ungesema vile tangu mwanzo," Mama wa Labo akasema.

"Ningesema vile, angekunywa?"

Wote wawili waliniangalia mimi. Halafu docta akamgeukia mke wangu, akamuuliza yeye anataka nini: kurudia dawa na kutulia kwanza, kisha kuipunguza polepole siku atakayojisikia na nguvu, au namna nyingine. Nilifungua mdomo nimjibie, na Mama wa Labo akanikanyaga mguu.

"Nitarudilia," mke wangu akasema. "Ya kupunguza, nitasema mwenyewe. Leo njo mara ya kwanza munaniuliza."

Kesho yake saa moja asubuhi mlinzi wa geti alinipigia simu. Kuna kikongwe nje na kipande cha bati, anasema amekuja kuomba moto, na yeye amemwambia hapa hatutoi kitu kwa waombaji. Nilikimbia na kandambili. Mama wa Labo alikuwa amepanda taxi kutoka Makomeno. Alipita mbele yangu bila salamu, akamkuta mke wangu kitandani, akamwambia: "Nimekuya kuchukua moto. Iko wapi?"

Hapakuwa na moto. Akarudi mikono mitupu. Akaja tena Ijumaa, hakuna moto, akarudi mikono mitupu. Jumanne iliyofuata mke wangu alimtuma mlinzi kununua mbabula na makaa. Aliiwasha kwenye veranda yangu ya marmo, na moshi ukapanda juu ya ukuta wangu mweupe. Mimi nilisimama nyuma ya dirisha. Ukuta ule niliupakia rangi ya bei, na nilikuwa ninaomba Mungu uzidi kuwa mweusi.

Iliendelea zaidi ya mwaka. Vidonge vilipungua kwa nusu, vikakaa hapo miezi, vikarudi kimoja wakati wa kilio cha mdogo wake, vikapungua tena. Siku aliyomeza robo ya mwisho alinambia kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mimi sijapona. Mpaka leo asubuhi ninalala macho wazi nikisikiliza kama miguu yake inagusa chini.

Nilimuuliza Mama wa Labo ni nini kilichofanya kazi. Dawa, moto, miezi, au yeye. Nilitaka nimpe sifa, na nipate kitu cha kuwasimulia watu.

"Haiyapimwa," alisema. "Ukisema ni moto, weye na mwenye binukta muko sawasawa."

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipokaribia, tulisikia kwamba amefunga labo. Macho yameanza kuzimika. Tulikwenda mchana, mke wangu na mimi. Pazia la kijani lilikuwa limevutwa, mikroskopi imefunikwa kitambaa, rozari iko chini yake kama mtu aliyelala. Alikuwa kwenye kiti cha wagonjwa, kilemba kimekaa upande. Nilimnyooshea mkono. Aliushika na hakutazama kucha. Nikainamisha uso karibu naye, mimi mtu mzima, ninamngoja anivute jicho. Hakunivuta.

Mezani palikuwa na sanduku la dawa, halijafunguliwa. Nilivijua vidonge vile kabla ya kusoma.

"Mutoto yangu wa Ulaya alituma docta," alisema. "Beko banasema iko kintu imepunguka mu kichwa yangu."

"Nani alipima?" nikasema. Nilitaka acheke.

"Hakuna." Hakucheka. "Asubuhi sione ju ya nini niamuke. Minaogopa kukunywa, nitakuwa niliongopea bantu bote. Minaogopa kutokukunywa. Patron ya majiwe, weye unajua bei ya kila kintu. Ungefanya nini?"

Watu wananiuliza mambo kutwa nzima, na ninajibu kabla hawajamaliza. Pale nililichukua sanduku, nikaligeuza, nikalirudisha mezani. Nikisema kunywa, sikupima; nikisema acha, sikupima. Nilitazama mikono yake, ilikuwa inatafuta kitu juu ya mapaja na haikioni.

Mke wangu alichutama mbele yake.

"Mama, tangu lini haukuenda kuomba moto?"

"Sione njia ya kufika kwa jirani."

"Haukuongopea muntu. Ulisema hakuna mwenye kupima, na ni kweli. Mi nilikunywa, niliacha, nilirudilia, nilipunguza. Ile njia niliipita na miguu yangu, najua fasi yenye mashimo. Ukitaka kukunywa, kunywa, nitakuwa hapa. Hautaki, nitakuwa hapa pia, na tutaenda wote kwa docta kumwambia." Kisha bila kugeuka: "Papa Nadine, enda kwa jirani, uombe moto."

"Iko briquet ya kuwashia moto mu mufuko yangu," nikasema.

"Nilisema briquet? Masikio yako uliyaacha ku Kinsevere? Beba bati, uende, na usikae kule kujisifu juu ya bakamyo yako."

Alinigombeza mbele ya mtu, kwa sauti yake yote. Nilichukua bati haraka ili wasione uso wangu.

Jirani ni nyumba yetu ya zamani. Anakaa mle mama kijana nisiyemjua. Mbabula yake ilikuwa pale pale palipokuwa ya mke wangu. Alinichotea makaa matatu bila kuuliza mimi ni nani, na mimi nikasema aksanti. Alinitazama juu mpaka chini, akajua mimi ni mgeni.

Ni hatua thelathini kati ya lupango mbili. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza, unainua vumbi. Kaa moja lilizimika getini kwa yule mama kijana. La pili likawa kijivu. Nilitia mkono kulikinga la tatu, mkono ukaungua, sikuuondoa, ninatembea kama ninabeba yai la mtu mwingine, na shati la bei mgongoni limelowa jasho.

Mlangoni nilisikia sauti ya Mama wa Labo kutoka nyuma ya pazia, nyembamba, lakini ilikuwa yake:

"Patron ya majiwe, iko inawaka, ao imekufa?"

Nilikuwa nimeinama, ninapuliza.